Zamu ya Usiku, Usingizi na Nguvu za Mnyanyua Vyuma



Jumapili moja ya mwezi Juni nilikuwa Dzaleka kumjulia hali jamaa yangu aliyekuwa mgonjwa. Nikiwa nimeketi nje ya nyumba, kijana mmoja jirani alinijia ameshika daftari la shule. Nilidhani ana barua ya kusomewa au deni la kukokotolewa, kumbe daftari lilikuwa la vyuma. Tangu Januari alikuwa ameandika kila siku aliyofanya mazoezi: chuma gani, kilo ngapi, mara ngapi. Vyuma vyenyewe ni ekseli kuukuu ya gari na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, lakini makopo hayo aliyapima kwenye mizani ya mchuuzi wa mahindi, kwa hiyo kilo zake ni kilo za kweli. Mwezi Machi alikuwa akilala chali na kusukuma juu kilo 60 mara 8. Mwezi Juni kilo hizo hizo zilikuwa zikimshinda ifikapo mara ya 5.

"Mzee, nimekosea wapi?" akaniuliza. "Chakula ni kile kile na mazoezi ni yale yale. Wengine wanasema nimelogwa, wengine wanasema nimekuwa mvivu."

Nikamwuliza ni jambo gani lililobadilika mwezi Aprili. Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba Aprili ndipo alipoingizwa zamu ya usiku.

Jibu lilikuwa hapo hapo, ila yeye hakuliona, kwa sababu kwa hesabu yake usingizi alikuwa anaupata. Akirudi asubuhi hulala. Nikamwuliza saa ngapi hadi saa ngapi. Hulala saa 3 asubuhi, na saa 7 mchana huwa amekwisha kuamka, kwa kuwa chumba ni cha mabati na godoro analipokezana na mwenzake. Hesabu hiyo, ndugu zangu, ni saa 4. Na wapo wengi kama yeye, wanyanyua vyuma na wasionyanyua, ambao wanaona nguvu zinapungua wasijue zinakokwenda. Kwa ajili hiyo nimeona jambo hili nilieleze kwa urefu.

Kwa msomaji asiyepajua mahali penyewe, Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Banda. Tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho lugha inayowaunganisha. Mahali palipopangiwa watu elfu kumi hivi sasa pana watu zaidi ya elfu hamsini. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu kazi ya mshahara na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kwa hiyo mtu wa Dzaleka anayepata kazi huwa kwa kawaida amepata ganyu, yaani kibarua cha msimu kisicho na karatasi. Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa Kanengo, upande wa kaskazini wa Lilongwe, kwa kawaida mwezi Aprili, kazi ya kuchambua na kufungasha majani huhitaji watu wengi, na hapo ndipo zamu za usiku huanza. Mwenye ganyu haulizi amepangiwa zamu gani. Hushukuru amepangiwa.

MISULI HUKUA LINI?

Watu wengi huamini kwamba misuli hukua wakati wa kunyanyua. Sivyo. Mtu anapomaliza mazoezi huwa ana nguvu chache kuliko alizoanza nazo. Alichofanya ni kutoa oda. Mwili huipokea oda ile, na kwa muda wa siku moja hadi mbili hutengeneza protini mpya katika misuli iliyofanyishwa kazi, ili siku nyingine mzigo ule usiwe mzito kama ulivyokuwa. Malighafi ni chakula. Kazi yenyewe huendelea mchana na usiku, lakini zamu kubwa ya kiwanda hicho ni wakati wa usingizi, hasa usingizi mzito wa saa za mwanzo, ambapo mwili humwaga katika damu sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji.

Basi mtu anayenyanyua kwa bidii asilale ni kama mwenye kiwanda anayepokea oda kila siku lakini usiku amefunga umeme. Oda zinajaa mezani, bidhaa haitoki.

Hili si dhana tu, limepimwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Deakin, huko Australia, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa vijana 13, wanaume na wanawake. Vijana hao walilala kama kawaida usiku mmoja, na kwa mara nyingine wakakesha usiku kucha. Baada ya kukesha, kasi ya misuli kutengeneza protini ilishuka kwa asilimia 18. Testosteroni, homoni inayosaidia kujenga misuli, ilishuka kwa asilimia 24, na kotisoli, ambayo ikizidi huibomoa, ilipanda kwa asilimia 21. Huo ni usiku mmoja tu. Wengine watasema wao hawakeshi, ila wanalala kidogo. Nao wamepimwa. Katika Chuo Kikuu cha Chicago vijana 10 wenye afya waliwekwa wiki nzima wakilala saa 5 kila usiku, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha testosteroni yao ya mchana imepungua kwa asilimia 10 hadi 15. Ni kweli kwamba waliopimwa ni wachache, na kila mwili una tabia yake. Lakini majaribio yote yanaelekeza kidole upande mmoja.

Lipo jaribio jingine ambalo kwa maoni yangu linatuhusu sisi zaidi, ingawa waliopimwa walikuwa watu wanene wa Marekani. Mwaka 2010 wataalamu wa chuo hicho hicho cha Chicago waliwapunguzia chakula watu 10 kwa siku 14, mara moja wakipewa nafasi ya kulala saa 8 na nusu na mara nyingine saa 5 na nusu. Chakula kilikuwa kile kile. Uzito ulipungua karibu sawa mara zote mbili, lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyotoka mwilini yalipungua kwa asilimia 55, na nyama isiyo mafuta iliyopotea ikaongezeka kwa asilimia 60. Maana yake ni kwamba chakula kikiwa haba, usingizi ndio unaoamua mwili utachoma mafuta au utakula misuli yake wenyewe. Sasa tazameni Dzaleka, ambako mgao wa Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni. Mtu ana chakula kidogo, halafu anapokonywa na usingizi. Anabanwa pande zote mbili.

Turudi kwenye daftari la kijana wetu. Jambo lililonishangaza ni kwamba kukunja mkono kwa chuma kizito hakukuwa kumeshuka hata kidogo, na hilo ndilo lililowafanya wenzake waseme ni mvivu: mbona mkono una nguvu? Lakini kusukuma kifuani, kuchuchumaa na chuma begani na kuinua chuma kutoka chini kulikuwa kumeshuka kote. Hayo yalionekana Uingereza mwaka 1994, pale wanaume 8 walipolazwa saa 3 tu kwa usiku tatu mfululizo. Uzito wao wa mwisho wa kukunja mkono haukuathirika. Uzito wa kusukuma kifuani, kusukuma kwa miguu na kuinua kutoka chini ulishuka. Na kazi ya uzito wa kati, ile ya kurudia mara nyingi, iliathirika zaidi kuliko kunyanyua mara moja kwa nguvu zote. Mtu asiyelala bado anaweza kujikaza akatoa nguvu kubwa mara moja, ila hawezi kuidumisha.

Mfanyakazi wa shambani au kiwandani ataelewa mara moja. Kazi yetu si kunyanyua gunia moja. Ni kunyanyua gunia la mia moja.

SAA ILIYO NDANI YA MWILI

Atauliza mtu: kama shida ni saa za usingizi, si mfanyakazi wa usiku alale tu mchana saa 8 mambo yaishe? Ingekuwa rahisi hivyo nisingeandika makala haya.

Mwili una saa yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga lini joto la mwili lipande na lini lishuke, lini usingizi uje na lini uondoke. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli. Lakini ugumu wake ulijulikana zamani. Mwaka 1938 mtaalamu Nathaniel Kleitman na mwenzake Richardson walishuka kuishi ndani ya pango kubwa la Kentucky, wakakaa siku 32 bila kuona jua, wakijaribu kuifuata siku ya saa 28 badala ya saa 24. Richardson, aliyekuwa kijana, alifaulu. Kleitman alishindwa kabisa. Mwili wake uliendelea kudai saa zake za nyumbani. Ndiyo maana katika kila kiwanda yupo mmoja anayesema zamu ya usiku haimsumbui, na huyo hutumiwa kuwanyamazisha wengine. Hasemi uongo. Lakini yeye ni Richardson, na wengi wetu ni Kleitman.

Tena sisi hatuko pangoni. Mtu akitoka zamu saa 12 asubuhi, jua la njiani linampiga machoni na kuuambia mwili kwamba kumekucha. Kwa hiyo saa ya ndani haigeuki, au hugeuka robo. Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa mnamo saa 10 au saa 11 alfajiri, wakati mfanyakazi yuko mashineni, na huanza kupanda wakati ule anapojitupa kitandani. Matokeo yake ni kwamba usingizi wa mchana, hata chumba kiwe kizuri namna gani, huwa mfupi kuliko wa usiku, mara nyingi kwa saa 2 au zaidi.

Na chumba si kizuri. Mwezi Juni na Julai Lilongwe kuna baridi, afadhali. Lakini ifikapo Oktoba, chini ya mabati saa 6 mchana, halali mtu. Weka juu yake watoto wanaocheza, redio ya jirani, na foleni ya maji ambayo lazima mtu wa nyumbani aende.

Hapo kwenye foleni ya maji nina neno. Mwanamke anayechambua tumbaku usiku, au anayefanya zamu ya usiku mahali pengine popote, akirudi asubuhi hupokewa na ndoo, moto na watoto wa kupeleka shule. Yule kijana wa vyuma hupata saa 4. Dada zetu wengi hawazipati hata hizo. Wanabeba ndoo ya lita 20 kichwani kila siku, na huo ni unyanyuaji wa uzito kama mwingine, unaotaka misuli ile ile na usingizi ule ule. Wanaume tusijifanye hatuoni.

Kuna na hatari isiyohusu misuli. Wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa mikono na akili sawa na mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu, kiasi ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kuendesha gari. Mwenye kutoka zamu akaenda moja kwa moja kulala chali chini ya ekseli ya kilo 60, bila mwenzake wa kumsimamia, ajue anafanya hivyo akiwa kama mlevi.

ZAMU INAZUNGUKA UPANDE GANI?

Tumekwisha kusema kwamba saa ya mwili ni ngumu kugeuzwa. Lakini haigeuki sawa kila upande. Ni rahisi zaidi kuichelewesha kuliko kuiwahisha, kama kila mtu ajuavyo kwamba kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema kwa amri. Kwa hiyo zamu inayotoka asubuhi kwenda mchana kisha usiku huufuata mwili. Zamu inayotoka usiku kwenda mchana kisha asubuhi huupinga.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka kiwandani. Katika jimbo la Utah, Marekani, palikuwa na kiwanda cha kutengeneza chumvi na madini kutoka Ziwa la Chumvi, karibu na mji wa Ogden. Wafanyakazi walizungushwa zamu kinyumenyume, kila wiki. Wakalalamika usingizi na matumbo. Wataalamu wakiongozwa na Charles Czeisler waliigeuza zamu izunguke mbele, na kwa kundi moja wakaifanya ibadilike kila baada ya siku 21 badala ya siku 7. Matokeo yalitangazwa mwaka 1982: wafanyakazi waliridhika zaidi, afya yao ikawa nafuu, walioacha kazi wakapungua, na uzalishaji ukapanda. Mwenye kiwanda hakupoteza kitu, na wala hakununua mashine mpya. Alibadilisha karatasi iliyobandikwa ukutani.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu wanaofikiri kwamba usingizi ni shauri la mtu binafsi, alale asilale, ni wengi, hata miongoni mwetu viongozi wa matawi. Mwenye kupanga zamu ndiye anayepanga usingizi wetu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 171 wa mwaka 1990 kuhusu kazi ya usiku. Kwa mkataba huo kazi ya usiku ni kazi ya saa zisizopungua 7 mfululizo zikiwa na ndani yake muda wa kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, na mfanyakazi wa namna hiyo ana haki ya kuomba apimwe afya yake bila malipo kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inaweka saa 48 kuwa kikomo cha kazi ya kawaida kwa wiki, na inadai mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwenda mbali zaidi, zinataka saa 11 za kupumzika kati ya kutoka kazini na kurudi. Mambo matatu basi yafaa kudaiwa kila tawi, nayo hayahitaji nyongeza ya senti moja: zamu izunguke kwenda mbele, orodha itangazwe mapema ili mtu ajue wiki ijayo atalala lini, na asiwepo anayetoka saa 4 usiku akatakiwa kurudi saa 12 asubuhi.

Mwenye ganyu hana karatasi ya kumwonyesha nyapara. Lakini amesimama mstari mmoja na wenye karatasi, na orodha ya zamu ikibadilika kwa mmoja huwa imebadilika kwa wote.

WIKI YA USIKU, UFANYEJE?

Hadi orodha ibadilike, mtu afanye nini? Nilimweleza kijana kama ifuatavyo, na mengine alinifundisha yeye.

Kwanza, asinyanyue asubuhi baada ya zamu. Nguvu za mwili huwa juu kabisa alasiri na jioni, hata kwa mtu wa usiku ambaye saa yake haijageuka. Afanye mazoezi yake mnamo saa 10 jioni, baada ya kulala na kula, kabla ya kwenda kazini.

Pili, na hili ndilo lililomshangaza, katika majuma ya usiku apunguze wingi wa mazoezi ila asipunguze uzito. Yeye alikuwa amefanya kinyume. Alipoona anashindwa aliongeza siku, kutoka 3 hadi 5, na makopo akapunguza. Kuongeza oda katika kiwanda kilichozimwa umeme hakusaidii. Jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2011 liliwafanyisha watu mazoezi wiki 16, kisha wakapunguziwa kwa wiki 32. Vijana waliobakiziwa sehemu moja tu kati ya tisa ya kazi yao ya mwanzo, kwa siku moja ya mazoezi kila wiki, walidumisha misuli waliyokuwa wamejenga. Kwa wazee sehemu hiyo ndogo haikutosha kuhifadhi unene wa misuli, ingawa nguvu zao nyingi zilibaki. Kwa hiyo siku 2 kwa wiki, mikupuo miwili mizito ya kila zoezi, inatosha kulinda kilichopo. Kuongeza kusubiri wiki za mchana au mwisho wa msimu.

Tatu, usingizi wenyewe augawe. Alale mara tu afikapo, asianze kuzungumza na kufua. Akiamka saa 7, basi, asijilaumu. Alale tena saa moja na nusu kabla ya kwenda kazini. Usingizi wa vipande viwili si sawa na wa kipande kimoja, lakini ni bora kuliko kipande kimoja kifupi. Dirisha alizibe kwa blanketi au gunia la rangi nyeusi. Njiani asubuhi avae kofia yenye ukingo mpana. Kuhusu godoro, walikubaliana na mwenzake, ambaye naye yuko zamu ya mchana, kwamba asiingie chumbani kuchukua vitu vyake saa za adhuhuri. Jambo dogo, lakini lilikuwa linamwamsha kila siku.

Chai ni nzuri, na sisi wa nchi za chai hatuwezi kuisema vibaya. Lakini nguvu ya kafeini hubaki nusu yake mwilini hata baada ya saa 5 hivi. Chai ya saa 4 usiku ni dawa. Chai ya saa 11 alfajiri ni mwizi, italala nawe kitandani. Kachasu ni mwizi zaidi. Humlaza mtu haraka, kisha humwamsha baada ya saa chache, na kile kipande cha mwisho cha usingizi hakirudi tena. Wapo wanaoiita dawa ya usingizi. Nimewaona wakiwa na umri wa miaka 40.

Chakula sisemi mengi kwa kuwa mfuko ndio unaosema. Ila kabla ya kulala asubuhi ni vizuri mtu apate chochote chenye protini, maharage yaliyobaki jana, usipa, karanga, soya, hata kama ni kiganja kimoja, ili kiwanda kikifunguliwa kikute malighafi. Asile mlo mkubwa wa nsima saa 9 usiku. Tumbo nalo lina saa yake, na wakati huo limelala.

Mwezi Septemba nilipita tena Dzaleka. Msimu ulikuwa umekwisha, nyapara amewaambia wasubiri kuitwa. Daftari lilikuwa limejaa, ameanza la pili. Katika Julai na Agosti, akiwa bado zamu ya usiku, kilo 60 zilikuwa zimepanda kutoka mara 5 hadi mara 6, na siku moja mara 7. Hazikufika 8. Zilifika 8 wiki ya pili baada ya kuachishwa, alipokuwa akilala usiku kama watu, hana kazi wala mshahara.

Alinionyesha na karatasi nyingine iliyokuwa imekunjwa ndani ya daftari. Ilikuwa nakala ya barua waliyoiandika yeye na wenzake wa zamu, wakimbizi na wenyeji pamoja, wakiomba msimu ujao zamu izunguke kutoka asubuhi kwenda mchana kwenda usiku. Majina yalikuwa 31. Majibu yalikuwa hayajaja. Aliniuliza kama Aprili ikifika na yeye asipoitwa, kwa sababu ya barua ile, atajuaje kwamba ni kwa sababu hiyo.